Jicho la Mtu na Jicho la Mashine katika Kuhesabu Chembe Nyeupe za Damu

Hapa Kamina, baada ya Misa ya kwanza, watu hukaa kidogo chini ya miembe wakiongea. Jumapili moja mama mmoja, ambaye mtoto wake alikuwa ametolewa damu juma lile, alituuliza hivi: "Mwalimu, nasikia siku hizi kuna mashine inayotazama damu peke yake. Inapiga picha na kusema chembe hii ni ya aina gani na ile ya aina gani. Je, ni kweli? Na ikikosea, nani atajibu?" Swali la kwanza tulilijibu papo hapo: ni kweli. La pili tulikwenda nalo nyumbani, tukaona kwamba haliwezi kujibiwa pasipo kusimulia habari za zamani kidogo, tena habari ambazo sehemu yake ilitokea katika nchi yetu hii, kando ya Lualaba.

Ndugu msomaji ajua kwamba damu yetu ina chembe nyekundu, nazo ni nyingi mno, na chembe nyeupe, ambazo ni chache. Hizo nyeupe ndizo askari wa mwili. Lakini askari hao si wa kikosi kimoja. Wako neutrofili, wanaokimbilia jipu na usaha. Wako limfositi, wenye kukumbuka adui aliyewahi kuingia. Wako monositi, wakubwa wa umbo, wanaomeza uchafu. Wako eosinofili, ambao huongezeka mtu akiwa na minyoo. Na wako basofili, haba kabisa, hata hawafiki mmoja katika mia. Mganga akijua idadi ya kila kikosi, amekwisha kuusoma ugonjwa nusu. Ndiyo sababu kazi ya kuzigawanya chembe hizi imepewa uzito mkubwa tangu kale.

Hapo kwanza hazikuweza kugawanywa vema, kwa maana chini ya hadubini hazina rangi. Mwaka 1879 kijana Mjerumani, Paul Ehrlich, alionyesha kwamba rangi za kutia nguo zaweza kutiwa katika damu iliyopakwa juu ya kioo, na kila aina ya chembe hunywa rangi yake. Eosinofili ndipo zilipopata jina, kwa kuwa zaipenda eosini, ile rangi nyekundu. Mwaka 1891 Romanowsky wa Urusi akachanganya eosini na bluu ya methileni. Kisha akaja Gustav Giemsa wa Hamburg, aliyetengeneza mchanganyiko mwaka 1904 unaotumika mpaka leo katika kila maabara ya kwetu. Watu wengi hutaja "Giemsa" kila siku bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtu, tena mtu aliyewahi kuishi Afrika Mashariki, kwani kati ya mwaka 1895 na 1898 alikuwa mfamasia katika koloni la Wajerumani, nchi inayoitwa leo Tanzania bara.

Sasa tuingie katika habari ya malale. Mwishoni mwa mwaka 1902, huko Entebbe katika Uganda, mganga Mwitalia Aldo Castellani aliwatoboa wagonjwa wa malale mgongoni kwa sindano ndefu, akatazama maji ya uti wa mgongo, akaona ndani yake mdudu anayejipindapinda kama samaki mwembamba. Ndiye tripanosoma, anayeletwa na mbung'o. Mwaka uliofuata waganga wawili wa Liverpool, Joseph Dutton na John Todd, walifika Kongo, wakapanda na mto mpaka mashariki wakipima watu kijiji kwa kijiji. Dutton hakurudi kwao. Alikufa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30, si kwa malale, bali kwa homa ya papasi aliyokuwa akiichunguza.

Kwetu huku walikuja baadaye. Kuanzia Oktoba 1910 mpaka Septemba 1912 serikali ya Ubelgiji ilituma waganga na wataalamu wa wadudu katika Katanga, mkuu wao akiwa Rodhain, nao waliweka hadubini zao Bukama na Sankisia. Wakati huo reli ilikuwa haijafika Bukama. Ilifika mwaka 1918, na njia ya kupitia Kamina kwenda Kasai ikafunguliwa mwaka 1928. Kwa hiyo kabla ya gari moshi kupiga filimbi katika nchi hii, kioo chenye damu kilikuwa kimekwisha kuwekwa chini ya hadubini kando ya Lualaba.

Tatizo la malale ni kwamba ugonjwa una vipindi viwili. Katika cha kwanza mdudu yumo katika damu na matezi. Katika cha pili amekwisha kuingia ubongoni, na mtu huanza kusinzia mchana, kukesha usiku, na hata kubadilika tabia mpaka jamaa zake wanamwona mgeni. Dawa ya kipindi cha kwanza haifiki ubongoni. Basi mganga atajuaje kwamba mdudu amevuka? Mara nyingi mdudu mwenyewe haonekani katika maji ya mgongo, kwa sababu ni wachache na hufa upesi. Lakini askari waliokwenda kupigana naye huonekana. Hivyo ikawa kanuni kuhesabu chembe nyeupe katika maji ya mgongo. Zikiwa si zaidi ya 5 katika milimita moja ya ujazo, yaani katika tone lisilozidi kichwa cha pini, mgonjwa alihesabiwa kuwa wa kipindi cha kwanza. Zikizidi 5, alikuwa wa kipindi cha pili.

Wasomaji wapenzi, tusipite hapa haraka. Ile namba 5 ilikuwa mlango, na nyuma ya mlango ule mlikuwa na dawa ya namna gani? Tangu mwaka 1920, Bibi mganga Louise Pearce alipoijaribu Léopoldville, kipindi cha pili kilitibiwa kwa tripasamidi, dawa yenye arseniki, ambayo iliwaponya wengi na kuwapofusha baadhi yao. Tangu mwaka 1949 ikaja melasoproli, nayo ya arseniki, yenye nguvu zaidi. Wagonjwa walisema ilichoma kama moto ndani ya mshipa. Katika kila wagonjwa mia waliopewa, kama watano waliuawa na dawa yenyewe. Haya yaliendelea kwa miaka mingi, mpaka karne hii tuliyo nayo.

Basi fikiri juu ya muuguzi wa kituo cha afya porini. Ametia maji ya mgongo katika kioo chenye mistari midogo, anahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Je, hii ya sita ni chembe nyeupe, ama ni chembe nyekundu iliyoingia kwa sababu sindano ilijeruhi mshipa, ama ni vumbi tu? Akisema ni chembe nyeupe, mgonjwa anapewa dawa inayoweza kumwua. Akisema ni vumbi, na kumbe si vumbi, mgonjwa anarudi nyumbani na mdudu ubongoni. Tena hana nafasi ya kungoja, wala ya kupeleka maji yale mjini, maana tripanosoma aliyetolewa mgongoni huanza kufa kwa muda wa dakika kama kumi, na chembe nazo huharibika. Baadhi ya waganga waliona namba 5 ni ndogo mno, wakataka mpaka uwe 20, ili makosa ya jicho yasipeleke watu bure kwenye arseniki. Mabishano yale hayakuwa ya vitabuni tu.

Na wagonjwa walikuwa wengi. Mwaka 1930 nchini Kongo walipatikana wapya zaidi ya 33,000. Kwa kazi ya vikosi vilivyozunguka na hadubini idadi ilishuka mpaka kama 1,000 mwishoni mwa miaka ya 1950. Kisha vita na umaskini vikavunja kazi ile, na mwaka 1998 ikapanda tena kupita 26,000.

Labda msomaji atasema: kosa la jicho ni la mtu mzembe. Sivyo. Hata mtu hodari aliyelala vizuri na kushiba hukosea, kwa sababu ya hesabu yenyewe. Mholanzi mmoja, mtaalamu wa takwimu aliyeitwa Rümke, alitengeneza jedwali linaloonyesha jambo hilo. Ukihesabu chembe nyeupe 100 za damu, ukaona 10 ni monositi, ukweli katika damu ya mtu yule waweza kuwa popote kati ya 4 na 18 kwa mia. Usipoona basofili hata moja katika chembe 100, bado huwezi kusema hazimo. Zaweza kufika 4 kwa mia. Ni kama kuteka kikombe kimoja katika gunia la maharagwe yaliyochanganywa: vikombe viwili vya gunia moja havitalingana. Anayetaka kuukaribia ukweli sharti ahesabu zaidi, na kuhesabu zaidi huchosha macho.

Kwa ajili hiyo watu walitamani mashine. Mwaka 1953 Mmarekani Wallace Coulter alipewa hati ya uvumbuzi wa kifaa kinachopitisha chembe moja moja katika tundu dogo lenye umeme, na kila ipitapo umeme hushtuka. Kilihesabu maelfu kwa muda mfupi, lakini kilikuwa kipofu: kilijua ukubwa, hakikujua sura. Mwaka 1966 Judith Prewitt na Mortimer Mendelsohn walionyesha kwamba picha ya chembe nyeupe yaweza kugeuzwa kuwa namba, na kompyuta ikazigawanya aina zake kwa namba hizo. Miaka ya 1970 mashine za picha ziliuzwa katika hospitali za Marekani. Zilikuwa kubwa, nzito na za polepole, na baada ya miaka michache zikaachwa. Mwaka 1994 huko Lund, katika Swideni, ilianzishwa kampuni ya CellaVision, na mashine zake zikaingia maabara za Ulaya mwanzoni mwa karne hii.

Kazi yake ni hii. Kioo kilichopakwa damu na kutiwa rangi huingizwa ndani. Kamera iliyounganishwa na hadubini huzitafuta chembe nyeupe, hupiga picha ya kila moja, na kompyuta huzipanga katika makundi juu ya kioo cha televisheni: neutrofili huku, limfositi kule. Kisha, na neno hili wengi hawalisikii, mtu mwenye elimu ya maabara huketi mbele ya picha zile, huzikagua, huihamisha iliyowekwa pabaya, ndipo majibu yatoke. Mashine hupendekeza, mtu huthibitisha.

Basi kabla ya kuiamini hupimwa namna gani? Kanuni iliwekwa na kamati ya Marekani mwaka 1992, na kwa maoni yetu ni ya haki. Huchukuliwa vioo vya wagonjwa na vya watu wazima wa afya. Kila kimoja husomwa na watu wawili hodari, kila mmoja chembe 200, jumla 400, wala mmoja hatazami majibu ya mwenzake. Mashine nayo husoma. Halafu hulinganishwa, si kwa jumla tu, bali kundi kwa kundi. Hapo ndipo siri hutoka. Mashine za picha hukubaliana vizuri na watu juu ya neutrofili na limfositi, ambazo ni nyingi. Juu ya monositi hukubaliana kwa kadiri. Juu ya basofili hushindwa mara nyingi, lakini tumeona katika jedwali la Rümke kwamba hapo mtu naye hujikwaa. Muuzaji anayesema tu "mashine yetu ni sahihi kwa tisini kwa mia" hajasema neno, maana asilimia hiyo yaweza kuwa imejazwa na neutrofili tupu.

Tena mashine haiwezi kutaja chembe ambayo haikufundishwa jina lake. Mwaka 1905 Frederick Mott wa London alieleza chembe za ajabu katika ubongo ulioharibiwa na tripanosoma, zenye vidonge vingi ndani, umbo kama tunda la forosadi. Mpaka leo huitwa chembe za Mott. Mtu aliyeziona mara moja hazisahau. Lakini mashine iliyofundishwa kwa vioo vya nchi isiyo na mbung'o itazitupa katika kapu la zisizojulikana, ama itazitia pamoja na limfositi na kunyamaza.

Hapa twafika penye jambo linalotuhusu sisi zaidi kuliko watu wa Lund. Damu ya kwetu si mbaya wala si pungufu, lakini ina desturi zake. Waafrika wengi wana neutrofili chache kuliko Wazungu, nao ni wazima kabisa. Mwaka 2009 wataalamu walionyesha kwamba jambo hili hufuatana na urithi uleule unaoziondolea chembe nyekundu alama iitwayo Duffy, alama ambayo aina moja ya malaria hupitia. Kwa hiyo mashine yenye vipimo vya Ulaya yaweza kumpigia kengele ya hatari mkulima ambaye ametoka kulima tangu alfajiri na hana hata kikohozi. Na eosinofili, ambazo huko ni jambo la kushangaza zikizidi, hapa twajua kwanza kuulizia minyoo.

Hata malaria inaingia katika hesabu hii. Muuguzi anapotaka kujua wingi wa vijidudu vya malaria, huvihesabu sambamba na chembe nyeupe 200, ama 500 vikiwa vichache, kisha hupiga hesabu kana kwamba kila mtu ana chembe nyeupe 8,000 katika milimita ya ujazo. Ni namba ya kukubaliana tu. Mtu mwenye 5,000 ataandikiwa malaria nyingi kuliko aliyo nayo. Kwa hiyo mashine yoyote itakayohesabu malaria kwa njia hii sharti kwanza iitambue chembe nyeupe, na ikikosa hapo, kila namba inayofuata imepotoka.

Twafurahi kwamba wako watu wa Afrika Mashariki walioanza kazi hii kwa vioo vya kwao. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, wataalamu waliifunga simu ya mkononi juu ya hadubini ya kawaida, na mwaka 2016 wakatangaza jinsi kompyuta ilivyofundishwa kuona malaria katika damu, kifua kikuu katika makohozi, na mayai ya minyoo katika choo. Huko Tanzania, Taasisi ya Afya ya Ifakara na mafundi wa Dar es Salaam walishirikiana na Chuo Kikuu cha Bath katika Uingereza juu ya hadubini ambayo kiunzi chake cha plastiki huchapwa na mashine papo hapo, nayo hujisogeza na kupiga picha yenyewe. Habari zake zilitolewa mwaka 2020. Ikivunjika kipande, hakingojwi kwa meli. Na Ifakara si mahali papya katika habari zetu: ndipo Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara mwaka 1957, jirani na misheni ya Wakapuchini, akichunguza papasi wa homa ileile iliyomwua Dutton kule Kasongo.

Je, sisi twaitaka mashine hapa Haut-Lomami? Twaitaka, na tusione haya kusema hivyo. Mtu wa maabara anayesoma vioo tangu asubuhi, pengine peke yake, ahitaji msaidizi asiyechoka. Lakini twataka kwanza isomeshwe vioo vya Kamina, vya Bukama, vya Malemba-Nkulu, vilivyotiwa rangi kwa maji yetu, maana maji yenye chumvi nyingi au asidi hubadilisha rangi ya Giemsa, na mashine huitegemea rangi kuliko mtu. Twataka watu wawili wa hapa wasome vioo vilevile bila kujua majibu yake. Na umeme ukikatika, hadubini yenye kioo cha kurudisha mwanga wa jua isiwe imekwisha kutupwa.

Kwa upande wa malale, Mungu ashukuriwe, mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2018 wagonjwa wanaopatikana duniani kwa mwaka hawafiki 1,000, na mwaka uleule ilikubaliwa feksinidazoli, dawa ya kumeza isiyo na arseniki, ambayo hufika mpaka ubongoni. Mgonjwa ambaye hali yake haionyeshi ugonjwa mzito aweza kutibiwa bila kutobolewa mgongo. Lakini akionekana mzito, mgongo hutobolewa bado na chembe nyeupe huhesabiwa, na sasa mlango si 5 tena, ni 100. Zikifika 100 au kuzidi, hutibiwa kwa dawa mbili pamoja, moja ya kumeza na moja ya kupitishwa mshipani, chini ya ulinzi wa wauguzi. Hesabu ile hufanywa palepale alipolala mgonjwa, kwa jicho la mtu, kwa kuwa maji yale hayangoji safari.

Jumapili iliyofuata tulimtafuta mama yule chini ya miembe. Tulimwomba atuonyeshe karatasi ya majibu ya mtoto wake. Ilisema eosinofili zimezidi, na mtoto alikuwa amekwisha kupewa dawa ya minyoo. Tukamwonyesha chini kabisa ya karatasi, mahali pa sahihi, ambapo kijana wa maabara aliandika jina lake kwa kalamu ya wino. Tukamwambia kwamba hata siku ile mashine itakapofika, mstari ule usiondolewe. Akaitazama sahihi kwa kitambo. "Basi huyu namjua," alisema. "Ni mtoto wa jirani yetu."